Kuhakikiwa na Wenza: Habari za Wakilindi na Mizani ya Wanavyuoni

 

Tumeulizwa na baadhi ya walimu wa madrasa wa milima ya Usambara, kutoka Lushoto, Mlalo na Bumbuli, juu ya jambo ambalo limeanza kuwagusa kwa karibu. Vijana waliomaliza masomo yao wanaandika makala za historia ya Uislamu katika nchi yao, wanazipeleka kwenye majarida ya kitaalamu, na baada ya miezi kadhaa makala zinarudi zikiwa na kurasa za maswali kutoka kwa watu wasiotajwa majina. Je, utaratibu huu ni upi, na umetoka wapi? Na mtu wa elimu ya dini auchukulie vipi, pale anapoambiwa na asiyemjua kwamba maneno yake hayajathibiti?

Swali hili lina pande mbili, upande wa historia na upande wa fiqhi. Tutaanza na historia, kisha tutarudi kwenye fiqhi mwishoni kwa ufupi.

Kwanza tueleze jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, maana wengi wanaolalamika hawajaelezwa. Makala inapofika katika jarida, mhariri ndiye anayeisoma kwanza. Akiona haihusiani na mambo ya jarida lake, au haikuandikwa kwa kiwango kinachofaa, huirudisha papo hapo, na hapo hakuna mhakiki aliyeiona. Ikivuka kizingiti hicho, mhariri huondoa jina la mwandishi, kisha hutafuta watu wawili, pengine watatu, wenye elimu ya jambo lile lile, na kuwapelekea. Hao ndio wanaoitwa wahakiki, au wasomaji wenza, kwa kuwa ni watu wa fani moja na mwandishi. Katika majarida mengi mwandishi naye hawajui wanaomsoma. Kila mmoja huandika ripoti yake peke yake: hoja ni ipi, ushahidi wake uko wapi, nini kimeachwa, nani amekwishaandika jambo hili kabla naye hakutajwa. Mwisho hutoa rai yake, nayo haitoki katika mambo manne: ichapwe kama ilivyo, au ichapwe baada ya masahihisho madogo, au irudishwe kwa masahihisho makubwa kisha isomwe tena, au ikataliwe. Rai ya kwanza ni nadra sana. Mhariri hukusanya ripoti hizo na yeye ndiye anayeamua. Wahakiki ni washauri tu, na mara nyingine mmoja husifu na mwenzake hulaumu, mhariri akalazimika kumtafuta wa tatu. Mwandishi naye ana haki ya kujibu nukta kwa nukta, kukubali alichokosolewa au kukikataa kwa dalili.

Na ifahamike kwamba wahakiki hawa kwa kawaida hawalipwi. Hufanya kazi hiyo usiku, baada ya kusomesha, na ndiyo sababu kubwa ya miezi ile ambayo vijana wanailalamikia.

Ifahamike pia kile ambacho mhakiki hakifanyi. Hapandi gari kwenda Mlalo kumwuliza mzee aliyetajwa katika tanbihi. Husoma kilichoandikwa, akakipima kwa kile anachokijua. Kwa hiyo mwongo hodari aliyetunga mahojiano yasiyokuwepo anaweza kupita, na wamepita wengi katika nchi kubwa zenye majarida makubwa. Uhakiki huu ni kama mlango wa kwanza wa nyumba. Lushoto ni mji unaolijua jambo hili vizuri, kwa kuwa hapo pana Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na kila anayesoma pale anafundishwa kwamba hukumu ya mahakama ya mwanzo ina ngazi za rufaa juu yake. Makala nayo ina rufaa, nayo ni wasomaji watakaokuja baada ya kuchapwa, hata miaka hamsini baadaye.

Ama asili ya utaratibu huu kwa Wazungu, watu hudhani ni ya kale kuliko ilivyo. Henry Oldenburg alianza kutoa jarida la Royal Society huko London mwaka 1665, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akichagua cha kuchapa. Ripoti za maandishi kutoka kwa wasomaji walioteuliwa zilianza kuwa desturi katika jumuiya hiyo kwenye miaka ya 1830. Jarida la Nature, ambalo leo jina lake linatajwa kama hoja, halikulazimisha kila makala ipite kwa wahakiki wa nje mpaka mwaka 1973. Na mwaka 1936 Albert Einstein alipeleka makala katika jarida moja la Marekani, Physical Review, mhariri akaipeleka kwa msomaji mwingine. Einstein alikasirika, akaandika kwamba hakuruhusu makala yake ionyeshwe kwa mtu kabla ya kuchapwa, akaiondoa. Lakini kosa lililoonekana na yule msomaji lilikuwa kosa kweli, na makala ilipotoka mwaka 1937 katika jarida jingine ilikuwa imekwishabadilishwa. Basi kijana wa Bumbuli asijione peke yake katika hasira hiyo.

Hapa kuna maneno yanayopendwa na baadhi ya wahadhiri wetu, kwamba utaratibu huu ulianzishwa na Ishaq bin Ali ar-Ruhawi, aliyeandika kitabu cha Adab at-Tabib katika karne ya 3 Hijria (karne ya 9 Miladia). Sisi hatuoni kuwa dai hili linasimama. Kilichotajwa humo ni kwamba tabibu aandike hali ya mgonjwa na dawa aliyompa, ili mgonjwa akifa matabibu wengine wapate kutazama kama mwenzao alifanya kazi yake sawasawa. Hilo ni jambo zuri, lakini ni hesabu ya tabibu juu ya kazi yake, na kusomwa kwa kitabu kabla hakijaenea kwa watu ni jambo jingine. Na Waislamu hatuna haja ya kujitafutia heshima katika mlango usio wetu hali tunao mlango wetu ulio wazi, nao ni elimu ya Hadithi.

Imam Muslim bin al-Hajjaj (aliyefariki mwaka 261 H/875) alipokusanya Sahihi yake hakuitoa kwa watu moja kwa moja. Imepokewa kuwa aliionyesha kwa Abu Zur'a ar-Razi (aliyefariki mwaka 264 H/878), na kila hadithi ambayo Abu Zur'a alimwonyesha kuwa ina ila, aliiacha. Na al-Uqayli amesimulia, na Ibn Hajar akaitaja katika utangulizi wa sherehe yake, kwamba al-Bukhari (aliyefariki mwaka 256 H/870) aliionyesha Sahihi yake kwa Ahmad bin Hanbal, Yahya bin Ma'in na Ali bin al-Madini, wakaikubali isipokuwa hadithi nne. Tazama hapo, ndugu msomaji. Kuna mtunzi, kuna kitabu ambacho bado hakijaenea, kuna wenza wa fani ile ile, na kuna masahihisho. Kisha karne moja na zaidi baadaye akaja ad-Daraqutni (aliyefariki mwaka 385 H/995), akazifuatilia hadithi za vitabu viwili hivyo na kuonyesha ila alizoziona katika baadhi ya isnadi. Hakuambiwa anye kimya kwa sababu vitabu vimekwishakubaliwa. Alijibiwa, na majibu makubwa ya Ibn Hajar (aliyefariki mwaka 852 H/1449) yalikuja baada ya zaidi ya miaka mia nne.

Lakini pana tofauti moja kubwa ambayo hatuwezi kuipita. Katika majarida mhakiki hufichwa. Katika jarh na taadili, mwenye kujarihi hutajwa kwa jina lake, na jina lake lina uzito. Tunajua nani ni mkali mno katika kukosoa na nani ni mlegevu, kwa sababu tunajua nani alisema nini. Wenye majarida wana hoja yao: aliyefichwa husema kweli mbele ya mkubwa bila kuogopa kunyimwa kazi, na mwandishi aliyefichwa husomwa kwa hoja zake hata kama hana jina. Hoja ya pili tunaikubali kabisa, na kwa kijana wa kutoka milimani ni rehema. Hoja ya kwanza tunaikubali kwa sharti ambalo Imam ash-Shafi'i (r.h.) na wengine wameliweka katika jarh, nalo ni kuwa ibainishwe sababu. Mhakiki asiyetajwa jina akisema makala ni dhaifu bila kueleza udhaifu uko wapi, maneno yake hayana hukumu. Akieleza, sababu yake inajitegemea, na jina lake halihitajiki sana.

Sababu ya pili ya kudai maelezo ni uhasidi wa watu wa rika moja. Neno lenyewe, wenza, lina hatari ndani yake. Wanavyuoni wameliona zamani, na adh-Dhahabi (aliyefariki mwaka 748 H/1348) amelikariri mara nyingi katika kupima watu: maneno ya wenye kushindana, mmoja juu ya mwingine, yasichukuliwe hivi hivi. Mfano mashuhuri unahusu mwanahistoria, na kwa hiyo unafaa hapa. Muhammad bin Ishaq, mwandishi wa Sira (aliyefariki mwaka 150 au 151 H/767-768), alikuwa na neno la kumdharau Imam Malik kwa kujifanya yeye ndiye wa kumwonyesha kasoro za elimu yake, na Imam Malik (aliyefariki mwaka 179 H/795) akamwita kwa jina baya sana. Wote wawili walikuwa wa Madina, na wa zama moja. Wanavyuoni walifanya nini? Hawakuitupa Sira, na hawakumdharau Malik. Waligawa. Wakasema Ibn Ishaq ni bahari katika habari za vita na safari, na katika hukumu za halali na haramu atazamwe kwa uangalifu, hasa anapopokea kwa neno lisilobainisha kama alisikia mwenyewe. Kugawa huku ndiko tunakotaka vijana wakuchukue, kwa kuwa kutawafaa sana watakapofika kwenye kitabu cha nchi yao.

Nacho ni Habari za Wakilindi.

Kitabu hiki kimeandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, Mwislamu wa pwani aliyekwenda kukaa kwa Semboja huko Mazinde, chini ya milima, katika njia ya misafara. Kinasimulia habari za ukoo wa Wakilindi waliotawala Usambara kutoka Vuga: kuanzia Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, mpaka Kimweri ye Nyumbai, na vita vya watoto na wajukuu wake baada yake. Kilichapwa kwa sehemu tatu, mwaka 1895, 1904 na 1907, na matbaa ya wamisionari wa UMCA huko Magila. Ajabu ya mambo ni hiyo: historia ya nchi yetu iliyoandikwa na Mwislamu imehifadhiwa na mashine ya kanisa. Hatuoni aibu kulisema, na haki husemwa ilipo. Lakini ukiuliza ni mwanachuoni gani mwenza aliyeisoma kazi ile kabla ya kuchapwa, akamwambia mwandishi, hapa umesikia kwa nani na pale ulikuwepo, hakuna anayetajwa. Uhakiki wa kitabu hiki ulikuja baadaye, polepole, kwa karibu miaka themanini.

Roland Allen, aliyekuwa padri na mtaalamu wa Kiswahili, alitafsiri kwa Kiingereza sehemu ya habari za Mbegha katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, ambalo waandishi wake wengi walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni. Mwanawe, J.W.T. Allen, aliyefanya kazi kubwa ya kukusanya miswada ya Kiswahili, akakitoa upya kitabu kwa Kiswahili mwaka 1962, na mwaka 1963 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ambayo mshirika wake alikuwa William Kimweri bin Mbago, mtu wa ukoo wenyewe wa Kilindi. Jambo hili la mwisho tunalipa uzito. Kwa mara ya kwanza kitabu kilipita katika mikono ya mtu ambaye habari zile ni za babu zake. Ni mwenza kwa maana nyingine: si mwenza wa chuo, bali mwenza wa nasaba na ardhi. Majarida ya leo bado hayajajua vizuri jinsi ya kumtumia mhakiki wa namna hii.

Kisha akaja Steven Feierman, mwanahistoria wa Marekani, aliyefanya utafiti wake Usambara katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974. Huyu alifanya lile ambalo mhakiki wa jarida halifanyi. Alipita kijiji kwa kijiji, akasikiliza wazee wa koo mbalimbali, za watawala na za raia, akayalinganisha waliyosema na yale ya Abdallah bin Hemedi. Akaonyesha kwamba kisa cha Mbegha, kama kinavyosimuliwa milimani, kimejengwa kwa alama: nyama na vyakula vya shamba, mwindaji na mkulima, nyika na mlima. Kwa hiyo si kila tukio ndani yake lichukuliwe kuwa lilitokea siku fulani mahali fulani. Hakusema kisa ni uongo. Alisema ni cha aina nyingine.

Mwalimu mmoja kijana tunayemfahamu aliandika makala juu ya kuingia kwa Uislamu katika vijiji vya kwao. Alitegemea mambo mawili, maneno ya babu yake na kitabu hiki. Jarida alilolipelekea, hatulitaji, lilimrudishia ripoti mbili. Mhakiki wa kwanza aliuliza: babu alihadithiwa na nani? Wa pili aliuliza kwa nini mwandishi ameichukua Habari za Wakilindi kana kwamba Abdallah bin Hemedi aliyaona yote kwa macho yake. Kijana alikuja kwetu akiwa amechukia, akisema watu hawa wanawadharau wazee. Tukamwuliza kama amesoma Mustalah. Akasema amesoma, na amesomesha. Tukamwambia basi maswali haya uliyaweka wewe mwenyewe ubaoni. La kwanza ni la isnadi iliyokatika, la pili ni la kutofautisha kati ya aliyeshuhudia na aliyepokea.

Tukakaa naye kukipima kitabu kwa mizani aliyoizoea. Habari za Mbegha ni za karne ya 18. Abdallah bin Hemedi aliandika mwishoni mwa karne ya 19. Kati yao pana zaidi ya miaka mia, na mpokezi baada ya mpokezi hawatajwi. Hii ni riwaya iliyokatika, hata kama ni tamu. Ama habari za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, zina mashahidi wa nje. Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852, na Burton na Speke walifika Vuga mwaka 1857 wakamkuta ni mzee. Hawa hawakupokea kutoka kwa Abdallah wala yeye hakupokea kutoka kwao, na walikuwa na makusudio yao mengine kabisa. Wanapokutana katika jambo, jambo hilo limepata nguvu. Na kwa kuwa Krapf aliona athari za Uislamu na za watu wa pwani katika nyumba ya Kimweri, kijana alipata hapo ushahidi wa maandishi alioukosa, wa zamani kuliko babu yake.

Ama habari za Semboja, hapo Abdallah anasimulia zama zake mwenyewe na watu aliokaa nao. Lakini alikaa kwao, akala kwao. Semboja ndiye aliyesimama dhidi ya Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi Vuga, akamtoa, na mwanawe Semboja akawekwa katika kiti. Shahidi ambaye ana fungamano na mmoja wa wagombanao, mafakihi wanamtazama kwa tuhuma, hata akiwa mwadilifu. Hakataliwi katika historia kama angekataliwa mbele ya kadhi, kwa sababu historia haina anasa ya kuchagua mashahidi, lakini husikilizwa huku sikio la pili likiwa kwa watu wa Shekulwavu na kwa Wabondei waliopigana wakati ule ule. Na mwaka huo huo wa 1895 ilipotoka sehemu ya kwanza ya kitabu, Semboja alifariki, na mwanawe Mputa akanyongwa na Wajerumani. Waliokuwa na la kujibu walikuwa wanaondoka.

Pamoja na haya yote, pana jambo moja linalotufanya tumwamini Abdallah bin Hemedi kwa kiasi kikubwa kuliko wanavyomwamini baadhi ya wasomi. Kisa cha Mbegha kinazunguka juu ya nguruwe. Mbegha anawinda nguruwe wanaoharibu mashamba, anawagawia watu nyama, na kwa nyama hiyo anapendwa mpaka anatawazwa, akaitwa Simba Mwene. Mwandishi ni Mwislamu, anaandika mambo ya mabwana zake, na ingekuwa rahisi kabisa kwake kumgeuza nguruwe akawa mbawala au nyati. Hakumgeuza. Mtu anayepokea jambo linalomchukiza nafsi yake akaliacha kama lilivyo, huyo ana amana ya mapokezi.

Kijana aliiandika upya makala. Aliwahoji wazee wengine watatu, akaweka majina yao, umri, kijiji na tarehe ya mazungumzo, kama walivyozoea kufanya wanahistoria wa Tanzania tangu miaka ya 1960, akiwemo Isaria Kimambo aliyeandika historia ya jirani zetu wa Upare mwaka 1969. Mahali pa babu yake aliandika kwamba babu alimhadithia, wala hakutaja aliyemhadithia yeye. Mhakiki wa kwanza aliridhika na sentensi hiyo. Wa pili alibaki na neno lake juu ya tarehe moja, mhariri akaamua ibaki kwa kuandikwa "yasemekana", na makala ikachapwa. Mzee mmoja kati ya wale watatu alikuwa amekwishafariki ilipotoka.

Hatutaki msomaji afahamu kwamba kila aliyewekwa kuwa mhakiki amestahiki. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, chini ya serikali za kikoloni. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule na kuipa idhini. Hii ndiyo kamati iliyoanzisha taarifa ambayo kwa miaka ilibadilika mpaka ikawa jarida la Kiswahili linalotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi ile ilikuwa na faida zake. Lakini wajumbe wake wa mwanzo hawakuwamo Waswahili. Watu waliozaliwa ndani ya lugha, miongoni mwao wanavyuoni wa Lamu, Mombasa na Unguja waliokuwa na mashairi na miswada ya karne nyingi, walikuwa nje ya chumba wakati lugha yao inapimwa. Wenza waliokuwa wanastahiki kuitwa wenza hawakuitwa. Kwa hiyo mtu anapotuambia kwamba jambo fulani limehakikiwa, huwa tunauliza limehakikiwa na akina nani, kwa elimu ipi ya jambo lile. Makala juu ya wanavyuoni wa Usambara ikisomwa na watu wawili wasiojua Kiarabu wala Kishambaa, imesomwa kwa jicho moja.

Na dawa yake ni kwamba maimamu na walimu wetu wenye uwezo wakubali kuwa wahakiki wanapoombwa. Hapa ndipo yanapokuja masuala ya fiqhi tuliyoahidi, nayo tumeulizwa kwa mdomo mara kadhaa.

Je, kumkosoa mwandishi mgongoni mwake, tena kwa siri, ni kusengenya? Imam an-Nawawi (r.h.) amezitaja sababu sita ambazo kwazo huruhusiwa kumtaja mtu kwa asichokipenda, na ndani yake ni kuwatahadharisha Waislamu, akaingiza humo kuwajarihi wapokezi na mashahidi. Kukosoa makala kunaingia hapo kwa uwazi zaidi, kwa kuwa kinachotajwa ni maneno na dalili zake. Akivuka mhakiki kwenda kwenye nafsi ya mtu, akasema huyu lazima ni mvivu au hana akili, ametoka nje ya ruhusa.

Je, mhakiki anaweza kuitumia faida aliyoipata katika mswada ambao haujachapwa? Haifai, maana ni amana mkononi mwake. Hata kuusimulia msikitini kwa nia njema kabla haujatoka ni kumnyang'anya mwenyewe haki ya kutangulia.

Je, akimtambua mwandishi kuwa ni mwanafunzi wake, au ndugu yake, au mtu waliyekosana? Amrudishie mhariri na kumweleza. Kadhi huepuka kuhukumu baina ya mwanawe na mtu mwingine, na hapa hali ni nyepesi zaidi kwa kuwa wapo wengine wa kusoma. Milima yetu ni midogo na koo zake zinajuana, kwa hiyo jambo hili litatokea mara kwa mara, na mhariri aliye Dar es Salaam au Nairobi hawezi kulijua asipoambiwa.

Na aliyeletewa mswada ulio nje ya elimu yake, akaona haya kusema sijui? Aseme sijui, tena ndani ya wiki ya kwanza, ili mwandishi asikae miezi sita akimngoja mtu ambaye hana la kumwambia.

Wallahu a'lam.